Kulia kwa Nani?

Agosti 27

Kalia, ninayeishi naye chumba kimoja, amenipa daftari hili kwa sharti moja: malalamiko yangu yote niyamwage humu, masikio yake yamechoka. Haya, daftari, pole yako.

Naitwa Maren Tollefson. Huu ni mwaka wangu wa nne na wa mwisho hapa Chuo cha Ostrander, Minnesota. Nasomea ubongo na neva, na tangu Juni nimeomba vyuo kumi na vinne vya udaktari. Nchi hii huanzi udaktari mpaka umalize shahada nyingine kwanza, kwa hiyo miaka minne unasoma kitu kimoja huku macho yamekodolea kingine. Wenzangu wengi walichagua biolojia. Mimi nilichagua ubongo kwa sababu ya ng'ombe.

Joto kali, mbu wengi. Barua pepe kutoka vyuoni: hakuna.

Agosti 29

Kalia kalisoma daftari bila ruhusa (amelipa kwa mikate miwili ya kukaanga ya mama yake, nimemsamehe) na anauliza ng'ombe gani.

Nilikuwa na miaka tisa. Ng'ombe wetu Dolores alianza kuzunguka zizini, mduara uleule, upande uleule, asubuhi hadi jioni. Baba alikuwa shambani, nikampigia simu mwenyewe daktari wa mifugo, Bwana Hokanson. Akaniuliza, "Anageukia upande gani?" Nikasema kulia. Akauliza, "Kulia kwake au kulia kwako?" Nilikuwa nimesimama tunatazamana uso kwa uso. Kumbe alikuwa anageukia kushoto, mimi nilikuwa namsemea kwa mkono wangu. Hokanson alikuja, akamchoma sindano, akanieleza kwamba nyasi zilizooza zimempandishia ugonjwa upande mmoja wa ubongo. Dolores alipona. Mimi sikupona, mpaka leo nataka kujua.

Hiyo ndiyo insha yangu ya maombi. Darasa zima wameandika kuhusu bibi zao, na naamini mabibi walistahili, lakini mimi sina aibu na ng'ombe wangu. Baba ameomba mara tatu aisome. Nimemwambia mpaka nikubaliwe. Ninaona haya tu.

Septemba 3

Maabara imefunguliwa. Kazi ni ileile ya Profesa Garbowski, mwaka wa pili sasa: je, ubongo mzee bado unachipua? Tumewafundisha panya wazee kumi na wawili kuchukua punje kwa mkono mmoja kupitia tundu. Wengine walitumia mkono wa kulia, wengine wa kushoto. Mkono wa kulia huongozwa na nusu ya kushoto ya ubongo, na wa kushoto na nusu ya kulia. Kama mzee bado anachipua, nusu iliyofanya kazi itakuwa na matawi mengi zaidi kwenye seli zake kuliko ile iliyolala.

Panya wakishakufa, mimi natoboa na kukata bongo zao. Desmond Pruitt anahesabu matawi kwenye hadubini bila kujua panya yupi alitumia mkono upi, asije akahesabu anachotamani kuona.

Desmond naye anaomba udaktari. Ndiye yule anayenyoosha mkono kuuliza kama jambo litakuja kwenye mtihani, kisha anauliza ni kwa alama ngapi. Kalamu zake amezipanga kwa rangi. Akipiga chafya huomba radhi kwa hadubini.

Barua pepe: hakuna.

Septemba 10

Nimetoboa bongo sita za kwanza. Kipande kikishakatwa na kuelea majini huwezi kujua kulia wala kushoto, ni vipepeo vidogo tu visivyo na majina. Kwa hiyo kabla ya kukata unapitisha sindano nyembamba kwenye nusu moja, toka mbele hadi nyuma, na kila kipande kinatoka na tundu lake. Karatasi ya ukutani inasema: TOBOA UPANDE WA KULIA.

Nilizipanga kwenye sinia karibu na dirisha, pua zikinielekea (ncha ya mbele ya ubongo tunaiita pua), kila moja na namba yake. Zilipendeza, nikazipiga picha na kumtumia Baba.

Akajibu baada ya saa moja, kwa kidole kimoja kama kawaida yake: NDIO KOROSHO HIZO. MBELE NI WAPI.

Nikamwambia pua ziko kwangu. Akajibu: ZINAKUANGALIA. JIHADHARI.

Septemba 15

Sita zilizobaki. Desmond kanikuta napanga, akageuza sinia zima.

"Pua ziangalie ukuta," kasema.

"Kwani ukuta una nini?"

"Ndivyo vitabu vinavyochora. Na mimi ndivyo nilivyozoea."

"Umezoea wewe, unatoboa wewe?"

"Maren, nakuomba. Nitalala vizuri."

Nikatoboa pua zikiangalia ukuta ili mtoto alale vizuri. Amri, amri, amri.

Septemba 22

Mtihani wa kemia ya mwili. Sitaki kuuzungumzia.

Septemba 24

Nimepata alama ya juu! Nitauzungumzia mpaka Kalia ahame.

Oktoba 3

Majani yamewaka rangi za vuli mjini kote. Desmond ameitwa usaili kwenye Chuo cha Udaktari cha Tamarack, chuo ninachokitaka kuliko vyote. Amenitangazia huku akijifanya anatafuta kifutio. Nikampongeza kwa meno.

Barua pepe: hakuna, hakuna, hakuna.

Oktoba 9

TAMARACK WAMENIITA! Alhamisi, Desemba 4. Nilikuwa foleni ya chakula, nikapiga kelele, mpishi akamwaga viazi. Baba kasema, "Sawa," kisha, "Ng'ombe wanakupongeza."

Barua ya Profesa Garbowski ya kunipendekeza ndiyo iliyosaidia, nahisi. Sitaijua kamwe. Juni nilitia saini kwamba sitaomba kuisoma maishani. Kila mwombaji hutia, maana barua ambayo unaweza kuisoma hakuna anayeiamini. Unabebwa na maneno usiyoyajua.

Oktoba 20

Desmond amemaliza kuhesabu. Tulisimama watatu mbele ya meza, Profesa akafungua karatasi ya siri ya mikono, akalinganisha. Akalinganisha tena.

Panya sita wanasema ndiyo, ubongo mzee umechipua upande uliofanya kazi. Sita wanasema kinyume, umechipua upande uliolala. Ukijumlisha, sifuri. Namba za panya zilichanganywa kwa makusudi tangu mwanzo, kwa hiyo hata mpangilio haukuonekana, ndiyo na hapana zimetawanyika kama mtama.

Profesa Garbowski ana sauti ndogo, na ikizidi kuwa ndogo unaogopa.

"Bwana Pruitt, ulihesabu ukiwa macho?"

"Ndiyo, Profesa."

"Hesabu tena. Zote."

Nakiri hapa kwa kuwa hakuna anayesoma (Kalia, funga): nilifurahi. Kidogo. Mwenye kalamu za rangi naye kakosea.

Orodha ya ndiyo na hapana imebandikwa ukutani, chini ya TOBOA UPANDE WA KULIA.

Novemba 1

Baridi. Desmond anahesabu.

Novemba 8

Theluji ya kwanza. Desmond kamaliza mara ya pili. Jibu lilelile. Profesa kasema hesabu ya tatu.

Novemba 12

Nimemkuta Desmond amelaza paji la uso mezani. Nikadhani kasinzia, nikamtania, "Hadubini itakushitaki." Akainua kichwa, macho mekundu.

"Profesa amesema hajui kama ataweza kuacha barua yake ya kunipendekeza ibaki ilivyo," kasema. "Aliandika humo kwamba mimi ni mwangalifu. Sasa hana uhakika kama alisema kweli."

"Ni hesabu ya panya tu, Desmond."

"Sina kingine, Maren. Wewe una ng'ombe, watu wanakupenda ukifungua mdomo tu. Mimi nina uangalifu basi. Ukiniondolea huo nimebaki kalamu."

Nikamletea chokoleti ya moto kutoka mashineni, ile yenye ladha ya kadibodi. Akanywa yote, akaomba radhi kwa meza kwa kuilowesha.

Novemba 19

Mara ya tatu. Lilelile. Profesa kasema baada ya likizo tutafunga kazi hii na kuandika kwamba hatukuona kitu. Miaka miwili. Kisha akasema ataandikia vyuo kuhusu Desmond, na akafunga mlango wa ofisi yake taratibu.

Novemba 27, Sikukuu ya Shukrani

Naandika jikoni kwetu.

Tulikuwa wawili tu, Baba na mimi, na bata mzinga mkubwa wa kulisha kanisa. Baada ya kula Baba akafuta mikono, akakaa, akasema, "Mimi nina miaka sitini na minne. Ukisubiri ukubaliwe ndipo unisomee, huenda nikawa nimekufa kwa udadisi. Soma."

Nikasoma. Nilianza na Dolores zizini. Baba anacheka mahali pa kucheka. Nikafika kwenye mstari wa Hokanson, "Kulia kwake au kulia kwako?", nikaishia hapo.

"Endelea," kasema Baba.

Sikuweza. Niliona sinia. Niliona dirisha. Niliona pua sita zinaniangalia mimi, na sindano mkononi, na karatasi ya ukutani inasema kulia, na mimi, mtaalamu wa ng'ombe Dolores, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa ubongo, natoboa kulia kwangu.

Nilikimbilia begi, nikalitoa daftari hili. Septemba 10: *pua zikinielekea.* Nimeliandika mwenyewe na kulipamba. Septemba 15: *pua zikiangalia ukuta ili mtoto alale vizuri.* Sita na sita.

Kisha nikatafuta ile picha niliyomtumia Baba. Namba zinasomeka zote. Nikaziweka kando ya orodha ya ukutani, ambayo niliinakili Oktoba. Namba sita za pichani ndizo namba sita za hapana. Zote. Hakuna hata moja iliyokosea njia.

Desmond hakukosea kitu. Mara tatu hakukosea. Nyani haoni kundule, na nyani huyu alimletea mwenzake chokoleti akijiona mwema.

Baba aliniacha nilie, kisha akauliza, "Kuna mtu mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na usiposema?"

"Kazi inafungwa. Desmond anaharibikiwa. Mimi naenda usaili wiki ijayo na barua nzuri."

"Na ukisema?"

"Barua inaweza kugeuka. Chuo kinafunguliwa Jumatatu, siku tatu kabla ya usaili."

Akamimina kahawa. "Hokanson aliwahi kuniambia," kasema, "yule mtoto wako siku ile aliponijibu vibaya, hakukaa kimya. Alipiga simu tena kabla sijatoka nyumbani. Alisema: nimesimama vibaya, ni kushoto."

Nilikuwa nimelisahau hilo. Halimo kwenye insha.

Desemba 1

Nimelala kwa saa tatu tu. Theluji hadi magotini. Profesa hufika kabla ya saa moja asubuhi, mimi nilikuwa mlangoni kabla yake. Hakuuliza, alifungua, akavua glavu kidole kimoja kimoja.

"Profesa, si Desmond. Ni mimi."

Nikaweka simu mezani. Akavaa miwani, akaiangalia picha muda mrefu.

"Pua zinaangalia wapi?"

"Zinaniangalia mimi."

"Na tundu?"

"Kulia. Kulia kwangu."

"Ngapi?"

"Sita. Zilezile za hapana."

Akavua miwani. Nilisubiri sauti ndogo.

"Unajua," kasema, "tukizigeuza hizi sita, jibu linakuwa zuri mno."

"Najua."

"Kwa hiyo hatuzigeuzi kwa sababu tunapenda jibu. Picha hii na vipande vyote nampa Profesa Amundsen wa ng'ambo ya ukumbi, hajui tunatafuta nini. Aamue yeye ni upande gani, kisha ahesabu wake. Akikataa, jibu limekataliwa."

"Ndiyo, Profesa."

Akasimama mbele ya karatasi ya ukutani, akaisoma kama vile hajawahi kuiona. "Toboa upande wa kulia. Mwandiko wangu huu. Miaka kumi na moja, na sikusema kulia kwa nani." Akaichomoa, akaikunja. "Kosa ni lako. Mlango liliopitia ni wangu."

Nikageuka niondoke.

"Usaili wako lini?"

"Alhamisi."

"Barua yangu wanayo. Leo nitawapelekea nyingine." Akarudi kwenye glavu zake.

Nyingine! Inasema nini? Sitaijua kamwe. Nilitia saini.

Saa nne nikamkuta Desmond. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Aliweka kalamu ya kijani kwenye safu yake. Akaweka ya bluu.

"Wiki sita," kasema.

"Ndiyo."

"Nimehesabu matawi elfu tisa. Mara tatu. Naota matawi. Shangazi yangu alipamba mti wa Krismasi nikaanza kuuhesabu."

"Samahani, Desmond. Na si hilo tu. Nilifurahi ulipolaumiwa."

"Nilijua. Unatabasamu kwa shavu moja."

"Lipi?"

"La kushoto," kasema, kisha akafikiri. "Kushoto *kwako*." Na hapo tukacheka wote wawili mpaka mfagiaji akachungulia. Bado ana hasira, kanieleza waziwazi, atakuwa nayo mpaka Februari. Nimemwambia ni haki yake.

Desemba 3

Kalia kaninyooshea suti. "Barua ya pili ikiwa mbaya?" nimemuuliza. "Mficha uchi hazai," kajibu, "na wewe umeshavua kila kitu, sasa vaa suruali."

Desemba 4

Tamarack. Msaili wangu alikuwa Daktari Odegaard, bingwa wa neva, mzee mrefu mwenye tai yenye samaki. Mbele yake karatasi tatu.

"Barua mbili kutoka kwa mtu mmoja," kasema. "Miaka ishirini hapa sijawahi kuona. Ya kwanza kurasa mbili, inakusifu kama wote mnavyosifiwa. Ya pili ina sentensi tatu. Umetia saini, sitakusomea. Niambie wewe inahusu nini."

Nikamweleza. Sinia, dirisha, sindano, Desmond, wiki sita, chokoleti ya kadibodi. Sikujitetea, maana nilivyokuwa naendelea niliona hakuna cha kutetea, lilikuwa tu jambo lililotokea na mimi ndiye niliyelitenda. Nilipofika kwa ng'ombe alikuwa ameshika samaki wa tai yake na mabega yanatikisika.

"Kwa hiyo uliandika insha kuhusu kosa," kasema, "halafu ukalirudia."

"Neno kwa neno."

Akaacha kucheka. "Mgonjwa amelala. Umesimama miguuni pake. Muuguzi anakwambia, ni mkono wa kulia. Wa nani?"

"Wake. Siku zote wake."

"Umejifunzia wapi?"

"Kwa ng'ombe mara ya kwanza. Kwa panya mara ya pili."

"Afadhali hao," kasema, "kuliko mgonjwa wangu." Akaandika kitu, kirefu, na kunipa mkono.

Niko kwenye basi. Nje nyeupe tupu. Sijui kama nimefaulu, lakini nina wepesi ambao sijawa nao tangu Septemba.

Desemba 11

Profesa Amundsen amemaliza. Amekubali picha, amekubali matundu, amehesabu wake.

Panya kumi na wawili. Ndiyo kumi na mbili.

Ubongo mzee unachipua! Mkono mzee ukifundishwa kazi mpya, upande wake unatoa matawi kama mti wa Mei, theluji ikishayeyuka. Profesa Garbowski alisoma karatasi akiwa wima, akaketi, akasema, "Haya," na machozi yakamtoka bila kubadilisha uso. Kisha akamgeukia Desmond mbele yetu sote.

"Bwana Pruitt, hesabu zako tatu zimelingana zenyewe kwa zenyewe, na zimelingana na za Amundsen. Sijaona mkono mwangalifu hivyo tangu nianze kazi. Nilikushuku, nilikosea, na vyuo vyote vimeshaandikiwa hivyo. Kwenye makala jina lako linatangulia la Maren."

Nilipiga makofi mimi wa kwanza, kwa mashavu yote mawili.

Karatasi mpya iko ukutani, mwandiko wa Desmond, rangi nne: TOBOA UPANDE WA KULIA WA MNYAMA. PUA ZIANGALIE UKUTA.

Desemba 15

Desmond amekubaliwa udaktari Wisconsin. Hasira yake imeisha mapema, kasema, amekosa nafasi ya kuiweka.

Desemba 17

Barua pepe: hakuna.

Desemba 19

Simu ililia saa kumi jioni nikiwa nafunga mizigo ya likizo. Namba ya Tamarack. Sauti ya Daktari Odegaard mwenyewe: "Binti Tollefson, tunakuhitaji huku mwezi wa nane. Njoo na panya ukipenda, ng'ombe hatuna nafasi." Kalia alinirukia tukaanguka juu ya suti.

Nikampigia Baba. Alikuwa anakamua, nasikia mashine zinavuma. Nikasema tu, "Baba, wamenikubali."

Kisha nikamsikia, mbali, simu kaishusha, anapaza sauti juu ya mashine: "Mwanangu anakuwa daktari! Mmesikia? Daktari!" Na sauti yake, ambayo sijawahi kuisikia ikipasuka hata siku tuliyomzika Mama, ikapasuka.

Akarudi kwenye simu, anavuta kamasi.

"Nimewaambia ng'ombe walio kushoto," kasema. "Ngoja niende nikawaambie walio kulia."

"Kulia kwako, Baba," nikamuuliza, "au kulia kwao?"